Kutoka Ulingoni Hadi Kona: Maswali Ninayoulizwa Malindi Kuhusu Bondia wa Kulipwa na Kazi ya Ukocha

Nilipigana ndondi za kulipwa, na sasa nafundisha vijana hapa Malindi, wengi wao wa Maweni, Shella na Barani. Maswali haya huulizwa barazani na sokoni, pia na wazazi wanaosimama mlangoni wakitazama mazoezi. Nimeyajibu hapa kama ninavyomjibu mtu aliye mbele yangu.

Ndondi za ridhaa na za kulipwa zina tofauti gani?

Bondia wa ridhaa hupigana raundi tatu za dakika tatu. Anawakilisha klabu, kaunti au nchi yake, na anachotafuta ni medali. Hapa Kenya yuko chini ya Shirikisho la Ndondi (BFK). Bondia wa kulipwa hupigana kwa mkataba, chini ya Kamisheni ya Ndondi za Kulipwa (KPBC). Huanza na mapambano ya raundi nne, hupanda hadi sita, nane na kumi, na ubingwa wa dunia kwa wanaume ni raundi 12. Wanawake wa kulipwa kwa kawaida hupigana raundi za dakika mbili, zisizozidi 10.

Tofauti inayowaumiza vijana wetu ni nyingine. Kwenye ridhaa, mpinzani hupatikana kwa kura. Kwenye kulipwa, mtu hukaa akakuchagulia, na huenda mtu huyo hakujali. Kijana anapigiwa simu Alhamisi apande basi, Jumamosi apigane na mtu asiyemjua, mwenye uzoefu mara tano yake, kwa pesa zisizofika kodi ya chumba. Akishindwa, rekodi inabaki kwa jina lake, si kwa jina la aliyempigia simu. Kocha wa kweli ni yule anayeweza kusema "hapana" kwenye simu ile.

Mimi ni mvuvi, nina nguvu kuliko vijana wote wa mtaa. Siwezi kuanza moja kwa moja na kulipwa?

Nguvu unazo, ndugu yangu, hilo sibishi. Kuvuta jarife na kusukuma mashua mchangani kunajenga mgongo na mikono. Lakini konde huanzia mguuni, likapita nyongani, ndipo likafika begani. Wavuvi wengi wanaokuja kwangu hupiga kwa bega tupu, mguu wa nyuma umelala kabisa, na baada ya raundi mbili mikono inashuka yenyewe.

Pitia ridhaa kwanza. Philip Waruinge alipata shaba ya Olimpiki Mexico 1968, na huko huko akapewa kombe la Val Barker, linalotolewa kwa bondia mwenye ufundi bora wa mashindano. Akarudi na fedha Munich 1972, ndipo akaenda kulipwa. Robert Wangila alichukua dhahabu Seoul 1988 kabla hajatia saini mkataba wowote. Na kwa jirani zetu, Hassan Mwakinyo, kijana wa Tanga, alikwenda Birmingham, Uingereza, Septemba 2018 na kumsimamisha Mwingereza Sam Eggington raundi ya pili mbele ya mashabiki wa Eggington mwenyewe. Pwani si mahali pa kukata tamaa. Ila fuata ngazi.

Bondia wa kulipwa hudumu miaka mingapi? Nitajuaje wakati wa kustaafu umefika?

Hili ndilo swali ninalotamani waniulize mapema, maana wengi huja nalo wakiwa wameshachelewa.

Umri hausemi kila kitu. Kuna mtu wa miaka 36 aliyepigwa kidogo, na kuna wa miaka 25 aliyemaliza kichwa chake kwenye sparingi, yaani kupigana kwa mazoezi. Mimi hutazama mambo haya: bondia anaanza kupatwa na makonde aliyokuwa akiyakwepa bila kufikiri, mguu unachelewa kufuata jicho, kichwa kinamuuma siku nzima baada ya sparingi nyepesi, anarudia hadithi aliyokusimulia asubuhi, anakuwa mkali nyumbani na hakuwa hivyo. Mke au mama huyaona kabla ya kocha. Ndiyo maana huwauliza.

Habari za Freddie Roach, Mmarekani wa Massachusetts, huwasomea vijana wangu wote. Alianza kulipwa mwaka 1978, na kocha wake alikuwa Eddie Futch, mmoja wa makocha wakubwa kabisa waliowahi kushika taulo. Futch alipoona Roach anapigwa kupita kiasi alimwambia aache. Roach akakataa, akaendelea bila yeye, baba yake akiwa kwenye kona (pembe ya ulingo anakohudumiwa bondia kati ya raundi), na akashindwa mara nyingi kuliko kushinda. Aliacha mwaka 1986. Baadaye alirudi kwa yule yule Futch, safari hii kama msaidizi wake, akajifunza kazi. Alifungua klabu yake ya Wild Card, Hollywood, na mwaka 2001 akaingia mlangoni kijana wa Ufilipino aitwaye Manny Pacquiao. Yaliyofuata dunia nzima iliyaona. Mwaka 2012 Roach aliingizwa kwenye Ukumbi wa Umaarufu wa Ndondi wa Kimataifa.

Sehemu ya pili ya habari hiyo ndiyo watu huiruka: Roach ana ugonjwa wa Parkinson, unaohusishwa na makonde aliyopigwa. Mikono iliyomshikia Pacquiao pedi, zile ngao za mkononi ambazo bondia huzipiga mazoezini, ilikuwa ikitetemeka. Kijana akiniambia anataka "kupigana miaka miwili zaidi kisha niwe kocha", namuuliza miaka hiyo miwili atailipa kwa nini.

Lazima kocha awe amepigana kwa kulipwa?

Si lazima. Futch mwenyewe aliishia ridhaa huko Detroit kwa sababu ya moyo wake, na bado aliwafundisha Joe Frazier na Ken Norton, wote waliomshinda Muhammad Ali. Angelo Dundee, aliyekaa kwenye kona ya Ali, hakuwahi kupigana kwa kulipwa. Alijifunza kazi akiwabebea makocha wakubwa ndoo huko New York. Upande wa pili yuko Buddy McGirt, bingwa wa dunia katika uzani aina mbili, aliyegeuka kocha wa bondia Arturo Gatti.

Kupigana kunakupa kitu kimoja ambacho kitabu hakina: unajua hofu ya chumba cha kubadilishia nguo ina harufu gani. Mengine yote utajifunza upya.

Ni kitu gani kigumu zaidi kwa bondia anapogeuka kocha?

Kuacha kujitafuta ndani ya mwanafunzi. Bondia aliyeshinda kwa konde la kushoto la mbavuni atataka kila mtoto apige la kushoto la mbavuni, hata mrefu mwenye mikono mirefu ambaye angeweza kumweka mpinzani mbali usiku kucha kwa jabu tu, konde lile la moja kwa moja la mkono wa mbele. Mwenye mkono wa shoto hulazimishwa asimame kama watu wa kulia kwa sababu kocha hajui kumfundisha. Mtoto akishindwa, anaambiwa hana moyo.

Ugumu wa pili ni macho. Bondia amezoea kuona ngumi inayomjia yeye. Kocha lazima aone mwili mzima wa mtu mwingine kwa wakati mmoja. Chukua jabu peke yake. Mkono ukienda ni rahisi kuona, kosa liko kwenye kurudi. Kijana akichoka, kiwiko hutoka nje kidogo, ngumi hurudi ikipita kifuani badala ya kurudi shavuni, na hapo kidevu kiko wazi kwa mkono wa kulia wa mpinzani. Ni nafasi ya kufumba na kufumbua. Wengi hutazama glavu, mimi hutazama kiwiko.

Kisha kuna pedi. Siku hizi kila mtu anarekodi video za pedi kwa sababu zinalia vizuri. Ukiipeleka pedi kukutana na ngumi ili ilie, kijana anajifunza kupiga pedi, hajifunzi kupiga mtu. Pedi ikae pale ambapo kichwa au ubavu ungekuwa, na baada ya kila mseto wa makonde kocha arudishe konde jepesi, ili kijana asizoee kusimama akisifiwa. Mabega yatakuuma. Baada ya vijana sita mfululizo jioni utashindwa kuinua kikombe cha chai, na bado wa saba anakungoja.

Ile dakika moja kati ya raundi, kocha hufanya nini?

Watazamaji hudhani ni kupiga kelele. Dakika moja ni sekunde 60, na karibu kumi zinaisha bondia akirudi na kukaa. Mwishoni mtunza saa ataamuru watu watoke ulingoni. Muda wa kusikilizwa hasa hauzidi nusu ya dakika.

Stuli iwe imeshawekwa kabla hajafika. Kinga ya meno itolewe ioshwe. Kisha nyamaza, umwache avute pumzi tatu kubwa, maana mtu anayehema hasikii. Wakati huo mimi natazama macho: yananifuata, au yanatazama kitu nyuma yangu? Mwenzangu anashughulikia uso. Uvimbe unakandamizwa kwa chuma baridi kilichokaa kwenye barafu, bila kusuguliwa, maana kuusugua kunauzidisha. Mchaniko kwenye kulipwa hubanwa kwa pamba yenye adrenalini, kidole kikae palepale bila kuchungulia, kisha vaselini juu. Maji ni kuonja tu, si kunywa.

Halafu ndipo neno, na liwe moja, likizidi sana mawili. "Anashusha mkono wa kulia kila akirudi nyuma. Msubiri pale." Basi. Sauti iwe moja pia. Nimeona kona za watu watatu wakimpigia bondia kelele kwa pamoja, naye akarudi katikati hajui amtii nani. Na useme kwa lugha anayoiota usiku. Mtoto wa Kigiriama akiwa amechoka, neno la Kigiriama humfikia haraka kuliko Kiswahili changu.

Kabla hajainuka namuuliza swali dogo: raundi ya ngapi hii? Akikosea jibu, pambano limeisha.

Kutupa taulo si kumwaibisha kijana?

Hapana. Taulo ni ishara ya kona kwamba pambano lisimamishwe. Na hapa nitasema kwa urefu, kwa sababu naamini kazi yote ya ukocha iko hapa.

Tarehe 1 Oktoba 1975, nje kidogo ya Manila, Joe Frazier na Muhammad Ali walikuwa wamemaliza raundi 14. Imebaki moja tu. Macho ya Frazier yalikuwa yamevimba kiasi kwamba haoni makonde yanapotoka. Futch akasema basi. Frazier alibisha, alitaka kusimama. Futch hakumwachia. Ilikuwa raundi ya mwisho ya pambano kubwa kuliko yote maishani mwao, na bado kocha alichagua mtu badala ya mkanda. Frazier aliishi hadi mwaka 2011.

Mwaka 1982 Kim Duk-koo wa Korea Kusini alipigana na Ray Mancini huko Las Vegas hadi raundi ya 14, akaanguka, na siku chache baadaye akafariki. Baada ya kifo hicho Baraza la Ndondi la Dunia (WBC) lilipunguza mapambano ya ubingwa kutoka raundi 15 hadi 12, na mashirika mengine yakafuata.

Na sisi Wakenya tuna msiba wetu. Robert Wangila, dhahabu yetu ya Seoul, alipanda ulingoni Las Vegas Julai 1994 kupigana na David Gonzalez. Refa alisimamisha pambano raundi ya tisa. Wangila alipinga, aliona bado anaweza. Alitoka ulingoni kwa miguu yake, akapoteza fahamu chumbani, na akafariki akiwa na miaka 26. Kila mzazi anayeniambia "mwanangu mwenyewe ndiye atakayesema akichoka" namrudisha kwa Wangila. Bondia mzuri hasemi. Amefundishwa asiseme. Ndiyo maana amewekewa mtu mwingine wa kusema kwa niaba yake.

Kwa sheria nyingi za kulipwa uamuzi wa mwisho ni wa refa, na taulo huenda lisionekane. Kwa hivyo usilitupe ukakaa: panda ukingoni mwa ulingo, refa akuone. Kijana atakukasirikia, pengine miezi. Na akasirike.

Akiwa amepigwa nokauti, hapigani wala hafanyi sparingi kwa angalau siku 30, hata akisema yuko sawa, na nokauti ikijirudia muda unaongezwa. Ukimwona anatapika, analala kupita kiasi, maneno yanamvurugika au mboni moja ya jicho ni kubwa kuliko nyingine, usingoje asubuhi wala usimpe panadol. Hospitali, saa hiyo hiyo.

Helmeti hailindi ubongo?

Hulinda ngozi na masikio, hupunguza michaniko. Ubongo husogea ndani ya fuvu hata ukiwa umevaa. Kwenye ridhaa ya kimataifa wanaume wakubwa waliondolewa helmeti mwaka 2013. Kwenye mazoezi yangu inavaliwa, lakini hairuhusu mtu kupigana kwa nguvu zake zote Jumanne jioni.

Kocha, binti yangu anataka kujiunga. Sisi ni Waislamu, na majirani watasema.

Mama, majirani watasema hata akikaa nyumbani. Wasichana wana saa yao kwangu, na mama au shangazi anakaribishwa kukaa kutazama. Kanuni za kimataifa za ridhaa ziliruhusu hijabu na nguo za kufunika mwili mwaka 2019, kwa hivyo hilo si kizuizi tena hata kwenye mashindano.

Ndondi za wanawake ziliingia Olimpiki London 2012. Kenya tumekuwa na Conjestina Achieng, aliyewafungulia wenzake njia, na Fatuma Zarika, aliyechukua ubingwa wa dunia wa WBC mwaka 2016 kwa kumshinda Alicia Ashley huko Marekani kwenyewe. Christine Ongare alileta shaba ya Jumuiya ya Madola mwaka 2018. Wasichana wangu wanajifunza haraka kuliko wavulana, kwa sababu hawaji wakidhani tayari wanajua kupigana.

Ramadhani mnafunga mazoezi?

Hatufungi, tunabadilisha. Baada ya tarawehe tunafanya ufundi tu: miguu, kivuli (kupiga hewani bila mpinzani), pedi nyepesi. Sparingi hakuna mwezi mzima, na hakuna kukimbia mchana ukiwa na saumu.

Kupunguza uzani kwa kukimbia na koti la plastiki ni sawa?

Kwa joto la Malindi wakati wa kaskazi, ni hatari, na kwangu ni marufuku. Maji unayoyatoa si mafuta, na mwili uliokauka huchoka mapema na hujilinda vibaya. Kama mizani inakataa, panda uzani. Chakula cha huku kinatosha: samaki, mbaazi, wali kiasi, matunda, uji asubuhi. Kinachowashinda vijana ni mahamri sita na soda saa nne ya usiku.

Mazoezi ni wapi, na nahitaji vifaa gani?

Tunakimbia alfajiri ufuoni upande wa Silversand, maji yakiwa yamekupwa, kwenye mchanga mgumu. Mchanga laini ni mzuri kidogo kidogo, ukizidisha utaumiza kano za kisigino. Jioni tuko ndani.

Kitu cha kwanza kununua ni bandeji zako mwenyewe, kabla ya glavu. Kitanzi kwenye kidole gumba, mizunguko mitatu ya kifundo cha mkono, mitatu ya vifundo vya vidole, kisha bandeji ipite katikati ya kila kidole, imalizikie kwenye kifundo cha mkono. Funga vidole vikiwa vimetanuka. Ukikunja ngumi ndipo ikaze, ukifungua ilegee. Vidole vikibadilika rangi, fungua uanze upya. Mtoto asiyejua kufunga mkono wake hagusi begi la kupigia ngumi. Glavu za sparingi ziwe za aunsi 16, nami ninazo za kuazima.

Kocha analipwaje?

Desturi ya kulipwa ni asilimia 10 ya pato la bondia wake. Sasa piga hesabu ya asilimia 10 ya pambano la raundi nne hapa nyumbani, utoe nauli ya Mombasa, barafu na pamba. Makocha wengi wa pwani wana kazi nyingine: ulinzi, bodaboda, kufundisha mazoezi ya mwili kwenye hoteli wakati wa msimu wa watalii. Msimu ukiisha na mvua za Aprili zikianza, hayo nayo hupungua. Hakuna aibu katika hilo. Aibu ni kumpeleka kijana kwenye pambano asilolimudu ili wewe upate hiyo asilimia.

Mwanangu anatumia unga. Ndondi zitamwachisha?

Peke yake, hapana, na anayekuahidi hivyo anakudanganya. Mpeleke kwanza kwenye kliniki ya methadone (dawa ya kutibu uraibu wa unga) hapa Hospitali ya Malindi, aanze matibabu. Nami nitampokea kwa kukimbia na kuruka kamba, ajumuike na wenzake. Sparingi ni mpaka daktari wake aridhie. Wapo waliosimama kwa njia hiyo, na wapo waliorudi kule, na mlango kwao haufungwi.

Nataka kuwa kocha. Nianzie wapi?

Kaa kwenye kona ya mtu mwingine kwanza. Beba ndoo, osha kinga za meno, tazama. Kisha ulizia kozi za makocha kupitia BFK. Kozi za kimataifa za ridhaa zimekuwa zikipangwa kwa nyota moja, mbili na tatu. Somea huduma ya kwanza kabla ya hizo zote. Kwa kulipwa utahitaji leseni ya KPBC.

Mtoto wa umri gani anaruhusiwa, na aje na nini?

Kuanzia miaka 10 kwa michezo na miguu, bila kupigwa kichwani. Mashindano ya kimataifa ya ridhaa yana daraja la miaka 15 na 16, la 17 na 18, kisha la wakubwa kuanzia 19 hadi 40, kwa hivyo hakuna haraka. Aje na maji, taulo na bandeji. Mzazi wa aliye chini ya miaka 18 aje naye siku ya kwanza tuzungumze, na aniachie nambari ya simu ya mtu wa nyumbani atakayepokea saa yoyote.